Bwawa, uwanja na ngazi: jinsi usanifu wa kisasa ulivyoilea skeitibodi

Skeitibodi ilipoingia kwenye Olimpiki ya Tokyo, ile iliyoahirishwa hadi 2021, iligawanywa katika mashindano mawili. La kwanza, paki, huchezwa ndani ya mabakuli ya zege yenye kuta zilizopinda. La pili, la mtaani, huchezwa kwenye vipandio, reli na kingo za kukalia. Waandaaji hawakuubuni mgawanyo huo. Paki ni bwawa la kuogelea la nyuma ya nyumba za California, lililokaushwa maji. Mtaani ni uwanja wa mbele ya jumba la ofisi au la serikali, wa aina iliyojengwa kwa wingi katika miji ya Marekani na Ulaya kuanzia miaka ya 1950 hadi 1970. Vyote viwili vilitoka kwa wasanifu wa kisasa, yaani wa mtindo uliotawala katikati ya karne ya 20, waliokuwa wakiwafikiria waogeleaji na watembea kwa miguu, si ubao wenye magurudumu manne.

Mara nyingi uhusiano huu huelezwa kwa lugha ya falsafa: uasi, uhuru, haki ya raia juu ya mji wake. Hayo yana nafasi yake, lakini hayaelezi kwa nini skeita, yaani mpanda skeitibodi, huupita uwanja mmoja bila kuutazama, kisha akavuka jiji zima kuufuata mwingine. Jibu la swali hilo liko sakafuni na kwenye pembe ya jiwe.

Gurudumu linataka nini

Gurudumu la skeitibodi ya mtaani lina kipenyo cha milimita 50 hadi 54, na ugumu wake ni karibu 99A hadi 101A kwa kipimo cha durometa. Halibonyei kwa kidole. Ndani yake mna beringi mbili za namba 608, zenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22. Ubao hauna springi. Kila kilichopo sakafuni hupanda moja kwa moja hadi kwenye magoti.

Chukua gurudumu la milimita 52. Likipita juu ya ufa wenye upana wa milimita 10 huzama nusu milimita tu. Mpandaji husikia mlio na kuendelea. Ufa wa milimita 20 hulizamisha milimita 2. Ukifika milimita 30, gurudumu huzama karibu milimita 5, na hapo ubao hushtuka kiasi cha kumwangusha mtu aliyekuwa akijiandaa kuruka. Upana umeongezeka mara tatu, kina kimeongezeka karibu mara kumi. Kokoto ni mbaya zaidi ya ufa, kwa sababu gurudumu gumu likigonga kokoto ndogo hugoma kabisa huku mwili ukiendelea mbele. Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha maskeita wanaojua kazi yao ni ufagio.

Mji wa zamani wa Ulaya au Marekani ulikuwa adui wa gurudumu la namna hii: barabara za mawe yenye migongo, vibaraza vya nakshi, kingo zilizochongwa maua. Wasanifu wa kisasa walifuta hayo yote kwa sababu zao wenyewe. Walitaka bapa zisizokatika, mistari minyoofu, zege, chuma na granaiti iliyosuguliwa, na nafasi tupu kuzunguka jengo ili jengo lionekane. Bila kujua walikuwa wanatimiza masharti matatu ya skeita: sakafu ya kupatia kasi, ukingo usio na kikwazo, na eneo la kutua.

Sharti la nne lilitoka kiwandani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 magurudumu yalikuwa ya chuma au ya mchanganyiko mgumu wa udongo, yanayoteleza kwenye kila kona. Frank Nasworthy ndiye aliyeleta sokoni California magurudumu ya poliyurethani kwa jina la Cadillac. Yalishika sakafu. Kuanzia hapo mtu aliweza kupanda ukuta uliopinda bila kuporomoka.

Bwawa la figo na siri ya ukuta wake

Simulizi inayorudiwa sana huanzia Finland. Mwaka 1937 Thomas Church, msanifu wa bustani kutoka California, alimtembelea Alvar Aalto, msanifu majengo wa huko. Aalto alikamilisha nyumba ya Villa Mairea huko Noormarkku mwaka 1939, yenye bwawa lisilo na pembe. Mwaka 1948 Church alikamilisha bustani ya familia ya Donnell huko Sonoma, juu ya kilima kinachotazama vinamasi vya maji ya chumvi vya kaskazini mwa ghuba ya San Francisco, na bwawa lake la mikunjo likasambaa katika majarida ya nyumba. Makandarasi wa mabwawa walinakili umbo hilo kwa nyumba za watu wa kipato cha kati kotekote kusini mwa California. Katika ofisi ya Church kulikuwa na kijana aliyefanya kazi kwenye bustani hiyo, Lawrence Halprin. Tutakutana naye tena.

Kusema kwamba Aalto ndiye babu wa skeitibodi, hata hivyo, ni kuukaza uzi kupita kiasi. Umbo la figo linaonekana ukiwa juu, kwenye picha. Kilichomfaa skeita ni mkato wa ukuta: namna ukuta unavyoshuka na kuikuta sakafu. Huo haukutoka kwa msanifu maarufu bali kwa fundi mwenye bomba.

Mabwawa ya California yalijengwa kwa zege la kupuliza, gunaiti. Saruji na mchanga mkavu husukumwa kwa hewa ndani ya bomba, na maji huchanganyika nao kwenye mdomo wa bomba. Fundi huchimba shimo, husuka nondo kufuata udongo, kisha hupuliza zege moja kwa moja bila mbao za kulizuia. Lakini zege likipulizwa kwenye pembe ya mraba, chembe za mchanga hudunda na kujikusanya kwenye kona, zikaacha mfuko dhaifu usio na saruji ya kutosha. Kona ya mviringo haina tatizo hilo, tena hustahimili msukumo wa udongo vizuri zaidi. Hivyo ukuta ulipindishwa hadi chini. Mabwawa yaliyojengwa kwa kuta za kumwagwa au kwa karatasi ya plastiki, kama mengi ya sehemu zenye baridi kali, yana kona kali, na kwa skeita hayana thamani yoyote.

Tazama sehemu nyingine za bwawa hilo. Upande wa kina kirefu hufika mita 2.4 hadi 2.7. Chini ukuta umepinda, juu umesimama wima. Chini kidogo ya mdomo kuna mstari wa vigae, kwa kawaida vya sentimita 15, kwa sababu hapo ndipo maji huacha utando wa mafuta na uchafu, na kigae husafishika kuliko plasta. Juu kabisa kuna tofali la zege lenye ukingo wa mviringo, lililochomoza ndani kidogo ili muogeleaji apate pa kushika. Skeita akipanda hufikia vigae, husikia mlio wa magurudumu ukibadilika, na hapo hujua amebakiza sentimita chache kufika kwenye ukingo ambao traki yake, yaani ule mkono wa aluminiamu unaoshika ekseli, itausaga, yaani itateleza juu yake kwa kuusugua. Mabakuli mengi yanayojengwa leo bado hubandikwa vigae na kuwekewa tofali la ukingo, ingawa hayatajazwa maji hata siku moja. Mlio ule umekuwa sehemu ya mchezo.

Ukame wa 1976 na 1977 uliyaacha mabwawa mengi ya California matupu. Vijana wa Santa Monica na Venice, Tony Alva akiwa mmoja wao, waliingia kwa kuruka uzio, wakaondoa maji yaliyotuama kwa pampu na ndoo, wakafagia majani, na ndani ya miaka michache kitu kilichokuwa kinachezwa kwenye lami tambarare kikawa mchezo wa kuruka juu ya ukingo. Viwanja vya kulipia vikajengwa haraka kwa kunakili mabwawa hayo. Vingi vilifungwa mapema miaka ya 1980, vikisongwa na gharama za bima na upepo wa biashara uliogeuka. Kimojawapo kilichosalia, Rom cha Hornchurch mashariki mwa London, kilijengwa 1978, na mwaka 2014 kiliingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria ya Uingereza. Nakala ya bwawa la mtu wa California sasa inalindwa kama kanisa la kale.

Kwa nini uwanja wa umma una kingo nyingi hivyo

Viwanja vya kulipia vilipofungwa, maskeita walirudi barabarani wakiwa na kitu kipya. Alan Gelfand wa Florida alikuwa amegundua ndani ya bakuli, mwishoni mwa miaka ya 1970, namna ya kuruka na ubao bila kuushika kwa mkono. Rodney Mullen aliuhamishia mruko huo kwenye sakafu tambarare mapema miaka ya 1980: mguu wa nyuma hugonga mkia chini, wa mbele huukwaruza ubao kwenda juu, na ubao hufuata nyayo. Unaitwa oli. Kwa oli, ukingo wenye kimo cha sentimita 40 uligeuka kutoka ukuta kuwa jukwaa.

Na miji ya Marekani ilikuwa imejaa kingo za kimo hicho hasa. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni sheria. Kanuni za ujenzi za New York za 1961 ziliwaruhusu wenye majengo kuongeza eneo la ghorofa iwapo wataacha uwanja wazi chini, kwa kuiga jumba la Seagram la msanifu Mies van der Rohe la 1958, lenye uwanja wa granaiti mbele na kingo za marumaru ya kijani pembeni. Ya pili ni maegesho. Viwanja vingi vya enzi hiyo ni paa za gereji za chini ya ardhi. Mti hauwezi kuzamisha mizizi ndani ya slabu, kwa hiyo udongo huwekwa juu ya slabu ndani ya sanduku la mawe, na sanduku hilo hupewa kimo cha kiti ili watu wakalie. Unapata ukuta wa granaiti, sentimita 40 hadi 60, mnyoofu, mrefu, wenye sakafu safi mbele yake.

Hapa ndipo Halprin anaporudi. Kijana yule wa bustani ya Sonoma alikuja kuwa msanifu mkubwa wa maeneo ya umma, na mwaka 1972 uwanja wake wa Justin Herman ulifunguliwa ukingoni mwa bahari San Francisco. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 uwanja huo, maskeita wakiuita Embarcadero, ulikuwa kitovu cha skeitibodi ya mtaani duniani. Sakafu yake ya matofali haikuwa laini, lakini ilikuwa na vibaraza vya hatua kubwa, kingo za zege na nafasi isiyo na gari. Mtu mmoja, basi, alishiriki katika bustani iliyotoa bwawa na katika uwanja uliotoa mtaani. Hakukusudia chochote kati ya hivyo viwili.

Philadelphia ilikuwa na LOVE Park, uliokamilishwa 1965 juu ya gereji, kutokana na wazo ambalo mpangaji miji Edmund Bacon alilianza katika tasnifu yake ya 1932 na kuchorwa na Vincent Kling. Granaiti kila upande, vipandio vipana, chemchemi katikati. Jiji lilipiga marufuku skeitibodi na mwaka 2002 likaukarabati uwanja ili kuwaondoa maskeita, katika miaka ileile ambayo lilikuwa mwenyeji wa X Games, mashindano makubwa yenye skeitibodi ndani yake. Bacon, akiwa na miaka 92, alikwenda pale akiwa na kofia ngumu, akashikwa mikono huku na huku, akapanda skeitibodi mbele ya waandishi wa habari kupinga marufuku hiyo. Ni nadra kumwona mwenye wazo la uwanja akichagua upande wa wale wanaolaumiwa kwa kuuharibu. Uwanja ulibomolewa na kujengwa upya kati ya 2016 na 2018. Baadhi ya granaiti yake ilisafirishwa hadi Malmö, Sweden, ikapangwa tena ili traki ziendelee kuisaga.

Usasa wenyewe, kama mtindo, haukuwa sharti. Freedom Plaza ya Washington, iliyofunguliwa 1980, ilibuniwa na Robert Venturi na Denise Scott Brown, watu waliojulikana kwa kuupinga usasa. Sakafuni kumechorwa ramani ya jiji kwa mawe. Maskeita waliipenda vilevile, kwa sababu ni pana, ni bapa na ina kingo za mawe. Huko Barcelona, uwanja wa mbele ya jumba la makumbusho la MACBA, la Richard Meier, lililofunguliwa 1995, umekuwa mahali pa kuhiji kwa sababu hizohizo.

Ngazi, reli na sheria ya watu wenye ulemavu

Ngazi za nje zina vipimo vinavyotabirika. Kanuni za Marekani huruhusu kipandio kisichozidi takriban sentimita 18 kwenda juu na upana wa kukanyaga usiopungua 28. Kwa hiyo skeita huweza kukadiria kwa kuhesabu tu. Chukua vipandio 10 vya sentimita 17: mporomoko ni mita 1.7, na kati ya kipandio cha juu na cha chini kuna nafasi 9 za kukanyaga, sawa na mita 2.52. Kuanguka mita 1.7 huchukua takriban sekunde 0.59. Bila kuhesabu faida ya oli, anahitaji kasi ya mita 4.3 kwa sekunde, karibu kilomita 15 kwa saa, ili asitue kwenye kipandio cha mwisho. Ngazi za vipandio 20 vya vipimo hivyo hudai karibu kilomita 23 kwa saa na mporomoko wa mita 3.4. Kinachozuia watu wengi hapo si ujasiri. Ni kwamba hakuna mita za kutosha za sakafu nzuri juu ya ngazi za kupatia kasi hiyo.

Reli nazo zina hadithi isiyosimuliwa vya kutosha. Viwango vya sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, iliyopitishwa 1990, vinataka reli iwe na kimo cha sentimita 86 hadi 97 juu ya pua ya kipandio, kipenyo cha milimita 32 hadi 51 kama ni ya duara, na isiwe na kikwazo juu wala pembeni, ili mkono uteleze bila kuachia. Vishikizo hufungwa kwa chini. Juu ya ngazi reli lazima iendelee bapa kwa walau sentimita 30 kabla ya kuishia. Kila kifungu cha hapo kiliandikwa kwa ajili ya mzee au mtu asiyeona. Soma tena ukiwa na traki ya aluminiamu akilini: bomba la kipenyo kinachokaa vizuri kati ya magurudumu, njia isiyokatika, na kipande bapa cha kupandia mwanzoni. Kipande hichohicho bapa ndicho pia huvunja watu, maana reli inayopinda ghafla kutoka bapa kwenda mteremko huurusha ubao usipokuwa umekaa sawasawa.

Kinachoharibika, na kwa nini

Malalamiko ya wenye majengo si ya kubuni. Traki huacha michirizi ya kijivu ya aluminiamu. Maskeita hupaka nta kwenye ukingo ili kupunguza msuguano; nta hushika vumbi na kugeuka weusi usiotoka kwa maji, na mpita njia akiikanyaga huteleza. Baya zaidi ni kumeguka kwa pembe. Traki inapotua kwenye ukingo, uzito wa mtu anayeanguka hukutana na mstari mwembamba wa jiwe. Pembe kali ya digrii 90 humeguka kwanza, na karibu kila mara huanzia kwenye maungio ya mawe mawili, kwa sababu hapo jiwe halina jirani wa kulishikilia.

Tofauti kubwa ni kati ya jiwe zima na jiwe la kubandika. Bapa la granaiti la milimita 20 au 30 lililogandishwa kwenye zege huachia gundi baada ya mitetemo mingi, kisha hudondoka kipande kizima. Jiwe zima la unene wa milimita 150 na kuendelea hudumu miongo. Mawe ya mchanga na ya chokaa husagika kama chaki. Terazo nzuri huvumilia. Mbao hupasuka vibanzi na kumchoma anayekalia.

Msanifu anayekubali kwamba ukingo wake utasagwa huweza kufanya mambo machache rahisi: kuizungusha pembe kwa nusu kipenyo cha milimita 6 hadi 10, kubana maungio hadi milimita 3, au kuweka chuma cha engo cha milimita 50 kwa 50 kwenye pembe ya zege. Chuma hicho lazima kichomelewe mikia ya nondo nyuma yake, kila baada ya sentimita 30 au 40, na mikia izamishwe kwenye zege bichi. Kikifungwa kwa skrubu juu ya zege lililokauka, mtetemo huzilegeza, kingo za chuma huinuka milimita moja au mbili, na milimita hizo hutosha kukata mguu wa mtoto. Viungo vya chuma vichomelewe mfululizo kisha visuguliwe hadi kidole kisihisi kitu.

Njia iliyozoeleka zaidi ni kinyume chake: vizuizi vya chuma vinavyopigiliwa kwenye kingo kila sentimita 60 hadi 90. Vinauzwa kwa wingi na vinaonekana kama suluhisho. Lakini kila kizuizi ni tundu la drili ndani ya jiwe. Maji huingia, na kwenye nchi za baridi huganda na kupasua; gundi ya epoksi huzeeka; maskeita huja usiku na spana. Ukingo unabaki na mashimo, haukaliki tena, na vinavyobaki huwachuna watu mapajani. Anayetaka kweli kuwazuia maskeita hana haja ya kuugusa ukingo. Mistari miwili ya mawe yenye migongo, mita 3 kabla ya ukingo, huua kasi, na bila kasi hakuna mtu atakayekuja. Kasoro ni kwamba hiyo pia humkwamisha mwenye kiti cha magurudumu na mama mwenye kigari cha mtoto, kwa hiyo si jambo la kufanya bila kufikiri.

London chini ya jukwaa

Mfano wa London unafaa kuangaliwa peke yake kwa sababu hapo hapakuwa na ukingo wa granaiti wala bwawa. Queen Elizabeth Hall ilifunguliwa 1967 kwenye ukingo wa kusini wa mto Thames. Miongoni mwa wasanifu wa baraza la jiji walioifanyia kazi walikuwamo watu wa Archigram, kundi la wasanifu wa majaribio. Ukumbi uliinuliwa juu ya nguzo nene, na chini yake pakabaki eneo lenye miteremko ya zege lisilo na kazi iliyoandikwa kwenye ramani. Tangu miaka ya 1970 maskeita wameipa kazi hiyo. Paa huzuia mvua, jambo ambalo London ni nusu ya thamani ya mahali.

Mwaka 2013 uongozi wa Southbank Centre, kituo cha sanaa chenye ukumbi huo, ulitaka kuligeuza eneo hilo kuwa maduka na kuwahamishia maskeita chini ya daraja la Hungerford lililo karibu, kwenye uwanja mpya uliosanifiwa kwa ajili yao. Walikataa, wakakusanya saini nyingi mno, na makubaliano ya 2014 yakawaacha walipo. Mwaka 2019 sehemu iliyokuwa imezibwa ikafunguliwa tena. Hoja yao iliwashangaza wengi: kwamba uwanja wa kujengewa, hata uwe bora kiasi gani, si sawa na mahali palipogunduliwa. Upande mmoja hoja hiyo ina ukaidi wa kimila. Upande mwingine ni sahihi kiufundi, maana miteremko ile haina pembe ambazo mbuni wa skeitipaki angezichagua, na mitindo ya uchezaji iliyozaliwa hapo ilitokana na ugeni wa pembe hizo.

Baadhi ya miji imeacha vita. Malmö imeajiri mtu wa kuratibu skeitibodi ndani ya serikali ya jiji. Kampuni ya Snøhetta ilipobuni jumba la opera la Oslo, lililofunguliwa 2008 na lenye paa la marumaru ambalo watu hulitembea, ilishauriana na maskeita kuhusu ukwaruzo wa mawe, ili sehemu za kuchezea na za kutembea zijitenge zenyewe bila kibao cha katazo. Innsbruck, Austria, uwanja wa Landhausplatz ulimwagwa upya kwa zege mwaka 2011 kama eneo moja la vilima na mabonde, likitumika na kila mtu.

Mahali pasipo na granaiti

Afrika Mashariki, viwanja vya mawe vya kuazima ni vichache, na pevingi bloku, zenye maungio kila sentimita 20, si rafiki wa gurudumu gumu. Kwa hiyo hapa mchezo ulianza kwa kumwaga zege. Kitintale, Kampala, vijana walijenga kwa mikono skeitipaki ya kwanza ya Uganda katikati ya miaka ya 2000. Nairobi, kituo cha watoto cha Shangilia huko Kangemi kilipata skeitipaki ya zege mwaka 2013. Anayetaka kujenga nyingine atakutana na mambo yaleyale ambayo mafundi wa gunaiti walikutana nayo, ila bila mashine yao.

Anza na mkunjo. Chora duara, si kwa kukisia. Ukitaka jukwaa la kimo cha mita 0.9 kwa mkunjo wa nusu kipenyo cha mita 1.8, ukuta utapanda hadi digrii 60 na kuchukua mita 1.56 kwenye sakafu. Kimo hichohicho kwa nusu kipenyo cha mita 1.2 hupanda hadi karibu digrii 76, na wanaoanza wataumia. Kata kipande hicho cha duara kwenye plaiwudi ya milimita 18, kiwe ndicho rula yako ya kukwangulia zege. Bomba la ukingo la milimita 60 huwekwa kwanza, likiwa limefungwa kwenye nondo na kupimwa kwa pima maji, lichomoze milimita 6 hadi 10 tu juu ya uso wa zege. Likichomoza zaidi, magurudumu ya nyuma hunasa wakati wa kushuka.

Nondo za milimita 10 kila sentimita 30, pande zote mbili, zikikalishwa katikati ya unene na si chini kwenye udongo, na zege la milimita 150. Zege la mteremko liwe kavu kiasi cha kusimama lenyewe. Fundi akiongeza maji ili limwagike kirahisi litaporomoka, na likikauka litapasuka. Mwaga mkunjo kwanza, sakafu bapa mwisho, ili ungio liwe pale mkunjo unapokwisha na si katikati yake. Sakafu ipewe mteremko wa asilimia 1 au 2 kuelekea tundu la maji.

Kosa linaloua skeitipaki nyingi za mikono ni niru. Fundi aliyezoea sakafu za nyumba huacha zege likauke, kisha kesho yake hurudi kupiga niru juu yake ili ing'ae. Tabaka hilo jembamba husinyaa tofauti na zege lililo chini, na ndani ya miezi michache ya magurudumu hubanduka vipande vipande, likaacha vidonda vyenye pembe kali. Ulaini lazima utoke kwenye zege lenyewe: lisuguliwe kwa mwiko wa chuma likiwa bado linashika, mara tatu au nne, kila mara mwiko ukiinuliwa pembe zaidi, bila kunyunyizia saruji kavu wala maji. Kazi ianze alfajiri, kwa sababu jua la saa tano hukausha uso kabla ya kiini na kuleta nyufa kama nywele. Kisha lifunikwe kwa magunia au turubai na kumwagiwa maji kwa siku 7, na asiruhusiwe mtu kulipanda kabla ya hapo, hata yule aliyechangia saruji.